Mwaka Mwanangu Alipolilia Jina

Siku ya arobaini ya mama yangu, mwanangu wa kwanza alisimama kati ya masinia ya pilau akawasimulia wageni jinsi alivyojichagulia jina lake mwenyewe akiwa na umri wa siku saba. Ana kipara sasa, na tumbo la mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote, na hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi mno hata ameanza kuikumbuka, ingawa siku yenyewe alikuwa amefumba macho na kufumbua mdomo tu. Wageni walicheka, shehe naye akatabasamu, wajukuu wakadai airudie. Mimi nilijifunika kanga hadi usoni. Watu walidhani nalia, na mama mmoja akanishika bega akaniambia nimshukuru Mungu, marehemu ameishi miaka mingi. Nilimshukuru Mungu. Lakini nilikuwa nacheka, na sababu ya kicheko changu tulikuwa tumeizika siku arobaini kabla, kwa kuwa tulioujua ukweli wa jina lile tulikuwa wawili tu duniani, na mwenzangu ndiye tuliyekuwa tumemsomea hitima asubuhi ile.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nikikaa chumba kimoja mjini, mtaa wa Ufukoni, na mume wangu Ramadhani, karani wa bandarini, mtu wa Tabora. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi tulioutegemeza kwa kopo la maziwa, na ukuta wa mabati uliotutenganisha na jirani. Kupitia ukuta huo tuliwasikia majirani wakijadili kila jambo lao na wao walitusikia sisi, kiasi kwamba mimba yangu ilipofika mwezi wa tatu ni jirani aliyempa Ramadhani hongera kabla mimi sijajipanga kumwambia. Ramadhani alikuwa mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kumkatalia mtu aliye mbele yake. Ukimwambia mvua inakuja alisema ndiyo, na akija wa pili kumwambia jua litawaka siku nzima, alisema ndiyo vilevile. Kazini ugonjwa huo ulimsaidia. Nyumbani nao ulinifaa sana, mpaka mama yake alipokuja.

Mimba ya kwanza huenda kuzaliwa kwa mama, hiyo haina mjadala kwetu, kwa hiyo tumbo lilipofika mwezi wa nane nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua korosho, nikalala juu ya magunia matupu, tumbo mbele, hadi kijijini kwetu karibu na mdomo wa Ruvuma. Sikukitambua. Watu wa kwetu, waliokuwa wamezoea kukaa kila mtu kwenye mikorosho yake, walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja na milango yote ikitazama barabara, ili maendeleo yakija yasihangaike kutafuta mlango. Maendeleo yalikuwa hayajafika. Kilichofika ni kusikilizana. Mtu akikuna nazi nyumba ya kwanza, nyumba ya sita walijua anapika nini. Mwisho wa mstari palining'inizwa ringi la gurudumu la lori, ndiyo kengele ya kwendea shamba la pamoja, na chuma cha kuligongea kilikaa kwa Mjomba Dadi, kaka wa mama yangu, balozi wa nyumba zetu kumi. Mjomba alikilaza chuma hicho chini ya mto wake, asije mtu akawaamsha wananchi bila idhini.

Kwenye kona ya chumba cha mama ilikaa cherehani ya baba, imefunikwa kitambaa cha maua, miguu yake ikitokeza chini. Baba alikuwa amefariki kipupwe cha mwaka uliotangulia, kabla ya kuhama, na mama alipoambiwa abebe vitu vya lazima tu alibeba chungu, mkeka na cherehani, ingawa hakujua kushona hata kifungo. Baba alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya mto, fundi aliyevuka akaja kuoa kwetu na kukaa kwetu, jina lake Sumaila. Jina hilo nililijua kwa kuwasikia wateja. Mama hakulitamka hata siku moja. Mke mwenye adabu hamwiti mumewe kwa jina, na mama yangu kwa adabu alipitiliza; hata kumwita "baba Somoe", kwa jina langu mimi, aliona ni kumpigia mtu kelele. Alipotaka baba aje kula aligonga mfuniko wa sufuria mara mbili. Alipotaka aje upesi, mara tatu. Siku moja jirani aligonga sufuria lake kutoa ukoko, baba akaiacha suruali ya mteja mashineni akaja mbio na kigoda chake mkononi, akakuta hata moto haujakokwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye alicheka, akiwa ameugeukia ukuta. Waliishi hivyo miaka ishirini na miwili.

Lazima niseme pia habari ya gauni, maana bila gauni hili jambo la jina halieleweki. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba ni mgeni wa kudumu, anaheshimiwa, anapewa paja la kuku, basi. Nilipotoka unyagoni Mjomba Dadi alikuja na posa ya rafiki yake mmoja mwenye mikorosho mingi na meno machache. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtoto ni wa ukoo wenu, shemeji. Mimi nimemshonea gauni tu." Akalitoa gauni lenyewe, sare ya shule, ya bluu, imekwisha kushonwa hadi kola, akamwuliza mjomba kwa upole kabisa nguo ile itafaa kazi gani kwenye harusi. Mjomba alikuwa mtu asiyevumilia kuona kitu kikiharibika. Aliligeuza gauni ndani nje, akatafuta kasoro ya mshono ili apate pa kushikia, akakosa. Nikarudi shule. Baadaye nikawa mwalimu, nikafundisha mpaka nikastaafu, na kila nilipoona darasa la kwanza wameketi na sare mpya nilimwona baba amelishikilia lile gauni mabegani, mbele ya kifua chake, kama ndiye atakayelivaa.

Kwa hiyo juu ya magunia yale nilikuwa nimekwisha kuamua: akizaliwa mwanamume, ataitwa Sumaila. Kwao baba, sawa na kwetu, jina la mwanamume hubebwa na watoto wa dada zake, na dada zake wawili walikuwa ng'ambo, kulikokuwa na vita, na tangu msiba hatukupata kutoka kwao hata salamu. Hatukujua kama wapo hai. Jina lake halikuwa na pa kwenda. Nisipolichukua mimi lingekufa naye, na hilo liliniuma kuliko hata kifo chenyewe, maana kifo ni kazi ya Mungu lakini hili lingekuwa uzembe wetu. Sikumwambia mtu. Nilikaa na mama jikoni wiki zote zile tukila ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na ugali wa muhogo kwa pweza, harufu ya mabibo ikiingia kwa kila mlango, na mara kwa mara nililijaribu jina hilo moyoni, nione kama linamkaa mtoto mchanga. Lilimkaa.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya siku ya shamba la pamoja, jambo ambalo Mjomba Dadi alilisifu, kwa kuwa lilionyesha ana moyo wa kazi. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alianza kulia, na alilia kilio ambacho mpaka leo, baada ya kuzaa wengine watano na kufundisha mamia, sijapata kukisikia tena. Nyumba kumi zote zililia naye. Muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo akasema ni gesi, itapita. Lakini bibi yangu Esha, mzaa mama, alikuja na mkongojo wake, akamtazama mtoto kwa jicho lake moja lililobaki zima, akasema gesi hailii hivyo. Mtoto analilia jina.

Nani asiyelijua hilo? Kuna marehemu anayetaka kurudi kwa jina lake, na mtoto ndiye aliyetumwa kusema, na kwa kuwa hana ulimi wa kusemea, analia. Watu hukaa wakayataja majina ya wafu mmoja mmoja, na pale mtoto atakaponyamaza, ndipo. Mjomba Dadi aliitwa. Alifika amevaa shati lake la mikutano, akakohoa, akataja jina moja tu, kwa sauti ya mtu anayefungua kikao: "Mtopa." Huyo alikuwa mjomba wake yeye, mkuu wa ukoo aliyemtangulia, mzee aliyesifika kwa jambo moja kubwa, kwamba hakuwahi kumwazima mtu jembe. Mimi nilikuwa nimechoka, masikio yananiuma, nikafanya kile ambacho kila mzazi hufanya mtoto akilia. Nilimtia ziwa mdomoni chini ya kanga. Mtoto akanyamaza. Mjomba alipiga kofi mlangoni, akatoka nje kuwatangazia wananchi kwamba Mzee Mtopa amerudi.

Mzee Mtopa alikaa nasi siku moja. Kesho yake lori lilimshusha Ramadhani akiwa na mama yake, aliyesafiri wiki nzima kutoka Tabora, ameondoka mtoto hajazaliwa bado, ili amwone mjukuu, mwanamke mrefu, mweupe wa meno, amebeba kopo kubwa la asali lililofungwa kwa kanga, ambalo hakumruhusu mtu alishike njiani, hata mwanawe. Asali ilipokelewa kwa heshima ikawekwa chumbani kwa mama, juu ya cherehani. Mama mkwe alimpakata mtoto, mtoto akapiga ukelele wa kufukuza ndege. "Huyu mtoto mmemwita nani?" aliuliza. Tukamwambia. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. Hata kwao Unyamwezini mtoto hulilia jina, alisema, hawakungoja kuja kufundishwa pwani, na mtoto aliyepewa jina lake halii hivi. Akainama akamnong'oneza jina la marehemu mumewe, Maganga, huku akinirudishia mikononi. Nikafanya kama jana. Mtoto kimya. Mama mkwe alipiga vigelegele vilivyosikika hadi kwenye ringi la gurudumu.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na mimi ndimi niliyekuwa zizi. Asubuhi mjomba alipita akiuliza Mtopa ameamkaje, mchana mama mkwe aliimba nyimbo za Maganga. Walikula sinia moja kwa adabu zote, wakisogezeana mnofu wa samaki, huku kila mmoja akimweleza mwenzake mila ilivyo. Mjomba alieleza kwamba huku mtoto ni wa mama. Mama mkwe alieleza kwamba kwao mtoto ni wa baba, na kwamba yeye hakukaa kwenye magari siku saba kuja kumbusu Mtopa. Ramadhani alikaa katikati na tonge mkononi akisema ndiyo kulia na ndiyo kushoto. Nilipomvuta pembeni nimwulize yeye mwenyewe anataka jina gani, aliniambia ndiyo.

Ni siku ya tano nilipopata akili. Mtoto alikuwa akilia, Bibi Esha akamfokea mbuzi aliyeingiza kichwa mlangoni, "Toka!" na mtoto akanyamaza papo hapo, na hakuna aliyependekeza aitwe Toka. Nilitazama chini ya kanga yangu. Niliona kilichomnyamazisha, na ndicho kilekile kilichomleta Mtopa na kumleta Maganga. Nilijisikia mtu mwenye chuma cha kengele chini ya mto. Watu wazima wote wale, na balozi wao, na mama mkwe aliyevuka nchi, walikuwa wakibishana kuhusu jambo ambalo uamuzi wake ulikuwa kifuani kwangu.

Tatizo lilikuwa moja. Ili mtoto anyamaze kwenye jina la Sumaila, lazima mtu alitaje, na mimi mzazi sikuwa na ruhusa. Mwenye mtoto hashiriki kuita. Nikamwendea Bibi Esha, kwa kuwa mjukuu na bibi ni watani na hakuna aibu kati yao. Nilimwomba siku ya saba, kati ya majina ya ukoo, alipitishe na la baba. Aliniambia alimpenda sana mkwewe, aliyemshonea magauni matatu bila kumkumbusha malipo, lakini mkwe yule hakuwa wa ukoo. "Marehemu huitwa na mwenyewe," alisema. "Mimi si mwenyewe wake." Nilimwuliza mwenyewe ni nani basi. Akaelekeza mkongojo jikoni, alikokuwa mama.

Mama alikuwa amekaa akipembua njugu mawe. Katika siku zile zote tano hakuwa ametoa neno, si la Mtopa wala la Maganga. Alikoka moto, alichemsha maji, alifua nepi. Nilichuchumaa karibu naye nikamweleza kila kitu, siri ya ziwa, jina lisilo na pa kwenda, na kwamba nataka atamke neno moja tu, mara moja, kesho kutwa, mimi nitafanya mengine. Vidole vyake viliendelea kutupa vijiwe. Nilidhani hakunisikia nikaanza upya. "Moto unazimika," alisema. "Ongeza kuni." Niliongeza kuni, moshi ukaniingia machoni, nikalia kwa kisingizio cha moshi. Nilimkasirikia mama yangu siku ile, naungama. Nilimwona mtu aliyebeba cherehani kilomita zote zile lakini hawezi kubeba neno moja.

Siku ya saba ilikuwa pia siku ya kikao cha nyumba kumi, na Mjomba Dadi, ili kuokoa muda wa wananchi, aliliweka jina la mtoto kwenye kipengele cha mwisho, Mengineyo, baada ya taarifa ya shamba la muhogo na suala la mbuzi wanaozurura. Watu walikaa mbele ya nyumba yetu kwenye mikeka. Mwalimu wa madrasa alikuwepo kwa ajili ya akika, na mbuzi wa akika alikuwa amefungwa pembeni, bila shaka ameisikia taarifa ya kipengele kilichotangulia. Mimi nilikaa mlangoni nimejitanda kanga mbili, tayari. Nilikuwa nimepanga kwamba majina yote yakiisha na mtoto bado analia, watu watachoka, na katika kuchoka huko labda mama atalegea. Mjomba alisimama akatoa kanuni, neno kwa neno, na kuwaomba wote wanyooshe mikono: jina ambalo mtoto atanyamazia leo, ndilo, na hakuna rufaa. Mikono yote ilinyooshwa, hata ya Ramadhani, miwili.

Hapo mama mkwe aliomba nafasi. "Mzee balozi, mimi nimezaa tisa," alisema. "Mtoto akiwa mikononi mwa mama yake atanyamaza hata ukimtajia jina la kuku. Kwanza atolewe pale." Wanawake wote walicheka, wanaume wakatazamana. Mjomba, aliyedhani ushindi wake ulitoka kwa wazee wa ukoo na si kwangu, alikubali kwa moyo mkunjufu. Ikabaki nani ampakate. Mjomba alimkataa mama mkwe. Mama mkwe alimkataa Bibi Esha. Ramadhani alikubaliwa na wote, lakini mtoto alimtapikia. Mwishowe mtu akasema apewe mama Somoe, asiye na upande, maana wiki nzima hajafungua mdomo. Wakakubaliana mara moja. Mtoto akatoka mikononi mwangu, na hila yangu ikatoka naye.

Walianza. Mjomba alisema Mtopa, mtoto akalia. Mama mkwe alisema Maganga, mtoto akalia zaidi. Mjomba alirudia kwa sauti ya kikao cha wilaya, mama mkwe akarudia kwa sauti ya mapenzi, na mtoto akawajibu wote wawili sawasawa. Walipanda juu ya ukoo kama watu wanaopanda ngazi gizani. Wakatajwa Likanda na Nangwale na mzee mmoja aliyeliwa na mamba; upande wa pili wakaitwa Kasanda na Mhoja na ami mmoja ambaye, Ramadhani alikumbusha kwa woga, bado yuko hai na ana duka. Mjomba alikuwa anatoka jasho. Katika kukata tamaa alisema, "Azimio." Kimya kilipita kwa watu, si kwa mtoto. Kisha mzee mmoja wa nyumba ya nane akasema kwamba wanaoitwa hapa ni marehemu, na je, balozi anataka kukiambia kikao kwamba Azimio limekufa? Mjomba alikaa chini haraka, akaomba katibu asiandike.

Mtoto akamlowesha mama. Mama aliinuka bila kusema neno, akaingia naye chumbani kumbadilisha nepi, na kilio kikasikika kutoka ndani, kikitulia kidogo na kupanda tena. Nje watu walianza kunyoosha miguu. Mwalimu wa madrasa alitazama jua, akapendekeza kwa hekima Abdallah. Mama akatokea tena mlangoni, amesimama juu yangu, mtoto begani kwake amepanua mdomo kwa ukelele mpya, na mkono wake mmoja ukampapasa usoni.

"Sumaila," alisema mama.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alilisema polepole, kwa taabu, kama mtu anayeonja chakula alichopikia wengine miaka mingi. Mtoto alinyamaza. Hakunyamaza kwa kusita. Alinyamaza kabisa, midomo ikichezacheza, macho yamefumbuka, akawa kama anafikiri. Watu hawakuelewa kwanza jina lenyewe. Walichokielewa ni kwamba mama Somoe amemtaja mumewe mbele ya hadhara, na wanawake wa umri wake walishika vinywa. Bibi Esha aliacha mkongojo ukaanguka. Mjomba alisema, kwa sauti isiyo ya kikao, "Dada, rudia." Mama akarudia, safari hii kwa nguvu, akitazama barabara. Mtoto alimeza mate akabaki kimya.

Mjomba alipinga kidogo, ilimbidi. Alisema marehemu shemeji alikuwa mtu mwema lakini si wa ukoo. Bibi Esha alimkumbusha kanuni na mikono iliyonyooshwa. Mama mkwe alifikiri, akampima mjomba kwa macho, akasema kama Maganga amekataa kuja basi heri huyu fundi kuliko mtu wa jembe. Na mjomba, alipoona kwamba angalau si Maganga, alitangaza kikao kimeridhia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwalimu wa madrasa alisema, akamwadhinia mtoto sikioni, akamnyoa, na mbuzi akaenda kutimiza wajibu wake. Ramadhani alinijia na machozi machoni akaniambia ndilo jina hasa alilolitaka tangu mwanzo. Niliishi naye miaka arobaini na mitatu mpaka Mungu alipomchukua, na sikupata kujua kama alikuwa anasema kweli.

Wakati wa kula niliingia chumbani kuchukua chumvi. Kanga iliyofunga kopo la asali ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya vibaya, na mstari wa sisimizi ulikuwa umekwisha kupata habari, ukipanda mguu wa cherehani, ukipita juu ya kitambaa cha maua. Kando ya kopo palikuwa na tone moja linalong'aa. Nikasimama pale na kibakuli cha chumvi. Mama aliingia nyuma yangu, akaona ninachokiona, akachukua kitambaa akalifuta tone, kisha, kwa kuwa kidole chake cha shahada kilikuwa bado kinanata, akakilamba taratibu, akinitazama.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Sijaona kitu, mama."

"Haya. Peleka chumvi."

Hatukulizungumza tena, miaka yote. Mama mkwe alirudi Tabora akiwa ameridhika, akaendelea kutuma asali kila alipopata mtu wa kuileta, na kila kopo lilipofika mama alimwombea dua ndefu kuliko ilivyohitajika. Sasa ninaandika haya na najua mwanangu atayasoma, na atakasirika kidogo, kisha atapata hadithi bora zaidi ya kusimulia. Hukuchagua jina, baba. Ulichagua asali, kama mtu yeyote mwenye akili.

Lakini mwaka ule haukuishia hapo kwangu. Nilikaa kijijini miezi mitatu, nikisubiri Ramadhani apate chumba kisicho na ukuta wa mabati, na ndiyo miezi ninayoikumbuka kuliko yote. Mfuniko wa sufuria haukugongwa tena. Mama alikuwa na jina la kuita sasa, jina la mjukuu, halali kabisa, hakuna adabu inayokataza, na aliliita kuanzia alfajiri. Aliliita akichota maji, aliliita akitwanga. Mchana, chakula kilipoiva, alitoka na mwiko mkononi akasimama mbele ya nyumba, akaitazama barabara upande wa mtoni, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo, sauti ya msichana, nyumba zote kumi zikasikia: "Sumaila! Njoo ule, Sumaila, chakula kinapoa!"

Jirani mmoja alimwambia, "Mama Somoe, mtoto huyo hana hata jino."

"Najua," alisema mama, akaita tena.

Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, amelala.